Tumehubiri Mbegu Bila Kupanda

Mahubiri ya Jumapili, ibada ya pili
Maandiko ya kusoma nyumbani: Marko 4:26–29 na 2 Wakorintho 9:6–10

 

Wapendwa, leo nimekuja na vitu viwili hapa madhabahuni. Cha kwanza ni hii pakiti ya mbegu za sukuma wiki. Iko tupu. Cha pili ni hili jani moja la sukuma, nimelichuma asubuhi hii hapa nyuma ya kanisa. Kati ya hii pakiti na hili jani kuna miezi saba, na kuna aibu yangu. Nitawaambia yote.

Mnanijua. Mimi ni mhubiri wa mbegu. Tangu tuanze kanisa hili tukiwa watu kumi na mmoja chini ya mabati ya kukodi, nimesimama hapa nikasema, "Panda mbegu yako!" Nimesema kwenye kesha, nimesema kwenye mikutano ya nje, hata watoto wa shule ya Jumapili wananiiga wakicheza kanisa-kanisa kwenye ngazi za ploti. Lakini wacha niwaambie kitu ambacho sijawahi kukisema hapa. Mimi nimelelewa hapa Eastlands. Ushago nilikuwa naenda Krismasi, nala kuku, narudi. Mbegu pekee niliyokuwa nimepanda maishani ni ile haragwe ya darasa la nne, ndani ya mkebe, juu ya pamba. Na ilioza.

Kumbe miaka hii yote nilikuwa nafundisha watu kazi ambayo mwenyewe sijawahi kuifanya.

Mwezi wa Januari, mnakumbuka, tulisema huu ni mwaka wa mavuno. Basi nikasema, pasta ataonyesha mfano. Pale nyuma, kati ya ukuta na choo, kuna kipande cha hatua nne kwa hatua kumi. Nikanunua pakiti ya sukuma, nikapata mbolea ya kuku kwa jirani, ya bure, ikiwa bado inanuka. Nikachimba mtaro, nikamwaga pakiti yote, nikafunika na udongo wa kina cha kidole kizima, nikainyunyiza ile mbolea juu. Nikaweka mikono, nikaomba. Tena niliomba kwa sauti, kwa sababu kulikuwa na watu wanaangalia.

Siku ya nne nikaenda kuchungulia. Hakuna kitu. Siku ya saba, hakuna. Siku ya kumi na mbili yakatoka majani machache, yamesongamana kama abiria wa matatu saa kumi na mbili jioni. Nikafurahi, nikapiga picha. Wiki iliyofuata yakawa ya manjano, yakalala chini. Udongo wetu huu mweusi wa Kayole mnaujua, mvua ikinyesha unashika viatu, jua likiwaka unapasuka hadi unaweza kuingiza mkono. Ulipasuka, na ile mimea yangu ikaning'inia ufani.

Nilikuwa nimesimama pale nimeshika kiuno, shosho mmoja wa kanisa hili akapita akienda chooni. Akaangalia. Akaniuliza, "Pasta, hizi mbegu ulizipanda ama ulizizika?"

Nikamwambia, "Shosho, nilizipanda. Tena niliziombea."

Akasema, "Kuomba uliomba, nilikusikia. Lakini hii mbolea ni mbichi, imechoma. Na mbegu ya sukuma ni ndogo kama haradali, wewe umeifunika kama maiti. Halafu hii ni Januari. Mvua iko wapi?"

Jameni, nimehubiriwa na maaskofu, lakini mahubiri yale yalinikaa. Tangu siku ile nikawa mwanafunzi wa shosho. Na yale niliyojifunza ndiyo nataka kuwapa leo, mambo manne. Mwambie jirani yako, "Tega sikio."

1. Mbegu ina wakati wake

Jambo la kwanza shosho alinifundisha ni kalenda. Mvua ndefu huku kwetu ni Machi hadi Mei, na mvua fupi ni Oktoba hadi Desemba. Unaandaa kitalu kabla, kipande kidogo tu, hata beseni lililotobolewa chini linatosha. Mbegu unaipanda kwa mstari, kina kisichozidi unene wa kucha, unafunika kidogo na udongo laini, unaweka nyasi kavu juu. Ndani ya wiki moja au zaidi kidogo itachungulia. Unatoa nyasi. Unangoja wiki nne hivi mche uwe na majani manne au matano, ndipo unauhamisha jioni jua likiwa limepoa. Hapo tena unangoja miezi karibu miwili ndipo uchume jani la kwanza la sufuria. Dhania ndiyo usiseme, hiyo inaweza kukaa wiki mbili chini ya udongo kabla hujaona chochote, na wengi wetu hufukua siku ya tano kuangalia kama imekufa. Ukifukua, ndio imekufa.

Sasa soma pale Marko 4. Yesu anasimulia habari za mtu aliyemwaga mbegu shambani, halafu akaenda kulala. Akaamka, akalala, siku zikapita. Mbegu ikaota, na yule mtu mwenyewe hajui imeotaje. Yesu anataja hatua moja baada ya nyingine, kuanzia kile kijani kidogo cha kwanza hadi punje imekomaa. Hakuna hatua iliyorukwa. Na huyo mkulima Yesu hakumkemea kwa kulala. Amefanya kazi yake, sasa amemwachia Mungu kazi ya Mungu.

Mimi nilikuwa nimewafundisha mbegu ya saa ishirini na nne. Panda usiku wa kesha, kufikia Ijumaa simu italia. Hiyo si mbegu. Hiyo ni mashine. Mboga yetu tumeiita sukuma wiki kwa sababu inatusaidia kusukuma wiki hadi mshahara ufike. Lakini hata sukuma yenyewe haisukumwi.

Kuna mtu hapa ameombea mtoto wake miaka mitatu, na kila akisikia ushuhuda wa mtu aliyejibiwa kwa siku tatu anarudi nyumbani akilia, anafikiri imani yake ina kasoro. Ndugu yangu, dada yangu, usifukue. Mwagilia, ulale, uamke. Kitu kikiwa chini ya udongo hakimaanishi kimekufa.

2. Mbegu inataka udongo na maji, si kelele

Jambo la pili. Shosho hakunikataza kuomba. Alisema, "Omba, halafu ubebe maji."

Hapo kwenye maji ndipo imani yangu ilijaribiwa. Wote tunaishi kwa ratiba ya mgao. Maji ya Nairobi mengi yanatoka mbali, kule bwawa la Ndakaini, Murang'a, na yakifika Eastlands yanafika siku fulani, wakati mwingine usiku wa manane. Unaamka na mitungi. Sasa fikiria una mtungi wa lita ishirini, na una nguo, una chai, una watoto wa kuoga, na kuna miche. Nani anapata?

Nilikumbuka Kumbukumbu la Torati 11, pale Musa anawaambia Waisraeli tofauti ya Misri na nchi wanayoiendea. Kule Misri walikuwa wanamwagilia kwa nguvu za miguu yao, kama mtu anayenyeshea bustani ya mboga. Nchi ya ahadi inakunywa mvua ya mbinguni. Miaka mingi nilihubiri ile mvua tu. Lakini sisi wa Kayole, wa Dandora, wa Umoja, kwa sasa tuko kwenye kunyeshea kwa miguu. Na Mungu hakuwa mbali na watu wake hata walipokuwa Misri.

Basi tukajifunza. Maji ya kuosha mchele na mboga yanaenda kwa miche. Maji ya suuza ya mwisho yasiyo na sabuni nyingi, hayo pia. Tunamwagilia asubuhi mapema au jioni, kwenye shina, si juu ya majani saa saba mchana. Tunatandaza nyasi kavu chini ili udongo usipasuke. Na mbolea, tunaiacha ioze miezi miwili, mitatu, mpaka isiwe na joto wala harufu kali. Tukaichanganya na ule udongo mweusi, ukaanza kulegea. Wadudu wadogo wa kijani chini ya majani tunawapangusa, tunanyunyiza maji yenye sabuni kidogo. Funza anayekata shina usiku tunamtafuta asubuhi kwa kijiti, kwa sababu hawezi kuwa ameenda mbali. Haya yote ni kazi ya kila siku. Hakuna siku hata moja niliyosikia upako nikiokota funza. Lakini miche ilisimama.

Hapa nataka niseme neno gumu kidogo. Njia ya haraka ipo. Kuna mahali huku mashariki ya mji, kama Maili Saba, ambako kwa miaka mingi watu wamelima kwa maji ya mfereji wa taka. Siwahukumu, ni njaa na ukosefu wa maji. Na mboga ile inaota haraka, ina rangi nzito, ukiiona sokoni unaipenda. Lakini ndani yake kuna nini? Vilevile udongo. Mwaka 2007 shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira, UNEP, lilitoa utafiti kuhusu dampo la Dandora, wakapata madini ya risasi kwenye udongo na kwenye damu ya watoto wanaoishi jirani. Kwa hiyo ukienda kutafuta udongo wa bustani yako, usiuchukue kando ya dampo eti kwa sababu ni mweusi na wa bure.

Sasa geuza hilo neno lije kanisani. Kanisa pia linaweza kuota haraka kwa maji machafu. Likajaa, likapendeza, watu wakaja kutoka mitaa mingine. Lakini ukiuliza limenyeshewa na nini, ni hofu, ni ahadi ambazo Mungu hakuzitoa, ni jasho la mtu maskini. Mimi sitaki kulisha watu wa Mungu mboga ya mfereji. Afadhali tuote polepole.

3. Mbegu si mkate

Jambo la tatu ndilo lililonileta hapa leo. Naomba mnisikilize kwa upole.

Mwezi wa Aprili, tulipokuwa tunaandaa kitalu cha pili, shosho alikuja na mbegu zake kwenye kitambaa. Kunde na terere. Nikamuuliza amezitoa wapi. Akasema, "Hizi nilizitenga msimu uliopita. Mimi hutenga mara mbili. Kuna za sufuria na kuna za udongo. Mwaka wa njaa mtoto akilia, za udongo zinajua kungoja, lakini za sufuria za mtoto sizipeleki shambani. Mtoto akifa nani atavuna?"

Nikanyamaza. Kwa sababu kuna ndugu mmoja nilimkumbuka. Amenipa ruhusa nisimulie, lakini jina lake nimeliacha.

Mwaka uliopita, kwenye kesha la Agosti, nilisema hapa kwamba kuna watu saba ambao Mungu anataka wapande mbegu ya kuuma. Nilisema hivyo, "ya kuuma." Ndugu huyu alikuwa na kodi ya nyumba mfukoni. Akaileta. Wiki iliyofuata akachukua mkopo wa simu apande tena, kwa sababu nilisema mbegu ya pili hufungua mlango. Mlango uliofungwa ulikuwa wa nyumba yake. Mwenye ploti alipiga kufuli. Mke na watoto wawili walilala kwa shemeji miezi miwili, na yeye akaacha kuja kanisani. Na mimi, Mungu anisamehe, nilisema amerudi nyuma kiimani.

Siku ile shosho aliposema habari za mbegu za sufuria, nilirudi nyumbani nikafungua 2 Wakorintho 9, andiko ambalo nimelitumia zaidi ya lingine lolote kuchangisha sadaka. Nikasoma taratibu. Paulo anasema kuhusu kupanda kwa wingi na kuvuna kwa wingi, ndiyo. Lakini anasema pia kila mtu atoe alivyokusudia mwenyewe moyoni, pasipo huzuni wala kulazimishwa. Na mstari wa kumi unasema Mungu huyo huyo anampa mpanzi mbegu, na anatoa mkate wa kula. Ni vitu viwili! Mbegu na mkate. Miaka yote nilikuwa naona mbegu tu.

Tena jiulize hiyo sadaka ya Wakorintho ilikuwa inaenda wapi. Ilikuwa ya watakatifu maskini wa Yerusalemu. Ilikuwa inaenda kwa wenye njaa. Mimi nilikuwa nachukua andiko la kulisha wenye njaa, nawanyang'anya nalo wenye njaa.

Najua kuna mtu anasema moyoni, "Pasta, na mjane wa Sarepta?" Nami nilijiuliza. Someni 1 Wafalme 17. Eliya aliomba mkate mdogo kwa mjane, kweli. Lakini Eliya mwenyewe alikuwa na njaa, hakuwa na gari nje. Akakaa katika nyumba ile, na ule unga haukwisha, na waliokula ni mjane na Eliya na watu wa nyumba yake. Muujiza ulibaki jikoni kwa mjane. "Na yule mjane wa senti mbili, Marko 12?" Rudi nyuma mistari mitatu tu. Kabla Yesu hajamwona mjane, alikuwa amemaliza kuwaonya watu kuhusu viongozi wa dini wanaokula nyumba za wajane. Moyo wake ulisifiwa, ndiyo. Lakini ole wake anayesimama hapo kando ya sanduku akimhimiza atoe.

Basi nilienda kwa yule ndugu. Nilimkuta kwenye kibanda anapofundi viatu. Nilikaa kwenye debe. Nikamwambia, "Ndugu yangu, ulipanda mkate wa watoto wako kwa sababu mimi nilikwambia ni mbegu. Nilikosea. Nisamehe." Hakusema kitu kwa muda mrefu, aliendelea kushona soli. Halafu akaniambia, "Pasta, pesa sijali sana. Ile iliniuma ni mimi kuambiwa sina imani."

Wazee wa kanisa walikaa, tukakubaliana. Ile kodi amerudishiwa, nusu kutoka kwa mfuko wa kanisa na nusu kutoka kwangu, kwa awamu tatu. Na kuanzia sasa, hapa kanisani hatutasema tena "mbegu ya kuuma." Hatutapokea sadaka ya mkopo. Ukija na kodi ya nyumba, mhudumu wa sadaka atakuuliza kwa upole, na ana ruhusa yangu kukurudishia. Zaka tutatoa, sadaka tutatoa kwa furaha, na hesabu itasomwa hapa kila mwezi. Lakini mkate wa mtoto ubaki kwenye sahani ya mtoto. Kama kuna mwingine hapa niliyemuumiza kwa njia hii, mlango wangu uko wazi Jumatano baada ya ibada ya katikati ya wiki. Hutaulizwa kuhusu imani yako.

4. Mavuno yana jirani

Jambo la nne ni fupi, na ni la furaha. Kile kitalu cha pili kilikubali. Hili jani mnaloliona ni la huko. Sukuma ukiichuma vizuri haimalizi. Unachukua majani ya chini, unaacha yale ya juu na kile kichwa, na itaendelea kukupa kwa miezi.

Tulipoanza kuchuma, kamati ikasema tuuze hapo getini. Lakini getini kuna mama mboga, ni mwenzetu, anauza sukuma ya mbao-mbao kulipia watoto karo. Sasa kanisa liuze dhidi ya nani? Tukasoma Mambo ya Walawi 19, pale Mungu anamwambia mwenye shamba asivune hadi pembeni kabisa, aache kingo kwa maskini na mgeni. Basi tukaamua mistari miwili ya ukutani ni ya nyumba zisizo na mboga wiki hiyo. Mtu anaingia, anachuma, anaenda. Hakuna daftari, hakuna picha. Iliyobaki inapikwa Jumapili kwa watoto. Na mama mboga tumempa miche.

Pandeni hapa mlipo

Nikimaliza, nisikilizeni. Wengi wetu tunaishi Nairobi kama watu wa stendi ya basi. Mwili uko Kayole, moyo uko ushago. "Nikipata shamba kule nyumbani nitalima." Yeremia 29 ni barua kwa watu waliochukuliwa hadi Babeli, mji ambao hawakuuchagua. Na Mungu anawaambia wajenge nyumba, wapande bustani, wale matunda yake, wauombee mji ule amani. Bustani ilikuwa njia ya kusema, "Mungu yuko na mimi hata hapa."

Wazee wa mitaa hii wanakumbuka enzi ambazo askari wa kanjo walikuwa wanafyeka mahindi ya watu mjini. Leo kaunti ya Nairobi ina sheria yake ya mwaka 2015 ya kuendeleza na kusimamia kilimo cha mjini. Na huna haja ya ekari. Baada ya ghasia za uchaguzi wa 2007, watu wengi wa Kibera walisaidiwa kuanza kulima kwenye magunia mlangoni, na hiyo njia imeenea mitaa mingi. Unachukua gunia, unaweka katikati mkebe uliokatwa pande zote mbili, unaujaza kokoto, unajaza udongo uliochanganywa na samadi iliyooza pande zote, unavuta mkebe juu, unarudia mpaka gunia lijae. Ule mnara wa kokoto ndio unapeleka maji hadi chini. Unatoboa matundu kando, kila tundu mche mmoja wa sukuma, na juu unaweka vitunguu au dhania. Omba ruhusa kwa mwenye ploti kwanza. Usipande kwenye ardhi ya mtu. Ahabu alitaka bustani ya mboga, soma 1 Wafalme 21, na Nabothi akafa kwa sababu yake. Gunia lako moja kwa haki ni bora.

Na ukikosea mara ya kwanza, karibu. Mimi nilizika pakiti nzima. Mungu hakunifukuza bustanini, alinitumia shosho. Alinifundisha mboga, na kupitia mboga akanirudisha kwenye Neno.

Simameni tuombe.

*Bwana, wewe unayetoa mbegu na mkate, tusamehe pale tulipochanganya. Mponye kila aliyeumizwa kwa jina lako. Utupe mikono ya kubeba maji na moyo wa kulala tukikuamini. Ubariki miche ya nyuma ya kanisa, na mitungi ya watu wako, na mvua yako ije kwa wakati wake. Katika jina la Yesu. Amina.*

Ya kufanya wiki hii

Darasa la magunia ni Jumamosi saa tatu asubuhi nyuma ya kanisa. Njoo na gunia kuukuu na mkebe. Miche ipo, udongo upo. Shosho ndiye mwalimu, pasta atabeba maji.

Maswali ya ushirika wa nyumbani

1. Kuna jambo gani umekuwa ukilifukua kila siku badala ya kulimwagilia na kungoja?

2. Katika nyumba yako, mbegu ni ipi na mkate ni upi? Je, umewahi kuvichanganya, au kumshinikiza mwingine avichanganye?

3. Soma 2 Wakorintho 8 na 9 pamoja. Sadaka ile ilikuwa ya nani? Sadaka zetu zinawafikiaje watu wa namna hiyo hapa mtaani?

4. Nani katika ploti yenu hana mboga jioni ya leo?